Elimu ya Sheria na Kilima cha Mrima



Yapo masomo ambayo wazazi huyaridhia mapema: udaktari, ualimu, uhasibu. Lakini binti akisema anataka kuandika tasnifu ya shahada ya uzamivu kuhusu sheria ya uwekezaji wa kimataifa na ulinzi wa mazingira, wengi wetu huuliza: elimu hiyo itamfaa nani? Jibu halipo mbali. Lipo Kwale, katika Kilima cha Mrima.

Mrima ni msitu wa hifadhi, na una kaya inayoheshimiwa na ndugu zetu Wadigo. Chini ya ardhi yake mna niobiamu na madini mengine adimu yanayotafutwa na viwanda vya dunia. Mwezi Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba. Mwezi Agosti mwaka huohuo serikali ikaifuta. Wawekezaji wakautegemea mkataba wa kulinda uwekezaji baina ya Kenya na Uingereza wa mwaka 1999, wakaishtaki nchi yetu katika kituo cha kimataifa cha usuluhishi kilichoko Washington. Walidai zaidi ya dola bilioni 2. Fedha hizo, lau zingelipwa, zingetoka katika hazina ileile inayonunua dawa za hospitali na vitabu vya wanetu.

Tarehe 22 Oktoba 2018 wasuluhishi waliyakataa madai hayo. Leseni ilitolewa bila ya tathmini ya athari kwa mazingira kuidhinishwa kama sheria yetu inavyotaka, na mkataba, walisema, haulindi uwekezaji uliokiuka sheria ya nchi. Ombi la kuitengua hukumu hiyo nalo likakataliwa mwaka 2021. Sharti ambalo wengi huliona kuwa usumbufu wa maofisini ndilo lililoikinga nchi.

Hapa ndipo anapohitajika mtafiti. Je, lau karatasi zote zingekuwa kamili, tungeweza kuulinda msitu bila ya kulipa? Mikataba mingi ya zamani hueleza haki za mwekezaji kwa kirefu, na mazingira huyataja kwa nadra. Kuichambua, na kuonyesha namna ya kuiandika upya kwa uadilifu kwa pande zote, ni kazi ya miaka.

Wanazuoni wametufunza fardhi kifaya: jambo ambalo jamii nzima ikiliacha, dhambi huwa juu ya wote. Imamu Ghazali aliuhesabu utabibu na elimu ya hesabu humo. Kwa maoni yetu, elimu ya kulinda ardhi, maji na misitu tuliyopewa kwa amana inastahili kuwekwa safu hiyo.

Basi tunawanasihi wazazi: msimvunje moyo binti kwa kuwa tu jina la somo lake ni geni. Nanyi akina mama, baraza la kujadili mradi linapoitishwa mtaani, hudhurieni. Ninyi ndio mnaojua kisima kipi kinanyweshea watoto na kuni zinatoka wapi. Ulizeni iwapo tathmini imefanywa, na hakikisheni maneno yenu yameandikwa.