BETRI YA SIMU YA UPEPO SI YA DISKO

Ndugu wanakijiji,

Kuna wenzetu wanapita wakisema eti betri ya simu ya upepo imekufa yenyewe, tuchange tununue nyingine. Tunakataa! Betri hiyo imeuliwa. Mchana inachaji simu za mkononi za watu, Jumamosi inabebwa kupigia muziki, halafu inarudishwa tupu na kuachwa hivyo hivyo. Betri ya asidi ikikaa tupu siku nyingi, pleti zake za risasi hushika gamba jeupe gumu, haipokei tena chaji.

Na maji yakipungua, mtu anatia ya kisimani. Yana chumvi hayo! Yatiwe maji ya betri ya dukani, wala siyo kuongeza asidi. Iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi.

Wanatuuliza, "Mbona inasikia?" Kusikia kunataka umeme kidogo tu, kuita ndiko kunakokula. Usiku ule mama mjamzito yuko taabani, hospitali tuliisikia vizuri kabisa. Tukibonyeza kujibu, chombo kinazima.

Kuanzia leo ufunguo wa chumba cha betri unakaa ofisi ya ushirika. Mwenye disko anunue betri yake.

Katibu