Wengi Wape, Lakini Wameonyeshwa Nini?



Juma hili tumependa kulizungumzia jambo ambalo baadhi ya wazee huenda wakaliona dogo, nalo ni gemu za video ambazo watoto wetu huzicheza majumbani, katika simu na katika vibanda vya mitaani. Kila gemu ina wahusika wake, na kila mhusika yuko mle kwa sababu kuna aliyemchagua. Suala linalowagawa watengenezaji na mashabiki ni hili: je, wahusika wachaguliwe kwa kupendwa na wengi, au ihakikishwe kwanza kwamba wanawake nao wamepata nafasi yao?

Wa upande wa kwanza husimama juu ya ile kauli yetu ya "wengi wape". Gemu ni bidhaa, nao husema kuwa anayetoa fedha yake ndiye mwenye haki ya kuchagua. Wa upande wa pili wangeweza kujibu kwa methali nyingine: asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka 1999 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa gemu ya Super Smash Bros. yenye wapiganaji 12. Mwanamke aliyekuwa dhahiri miongoni mwao ni mmoja tu, Samus, naye amefunikwa na deraya mwili mzima. Binti anayeikuta safu kama hiyo ameambiwa neno, ijapokuwa hakuna aliyelitamka.

Mwaka 2015 kampuni hiyo iliwaomba mashabiki wapige kura ya kupendekeza mpiganaji mpya. Mwisho wa mwaka likatangazwa jina la mwanamke, Bayonetta, aliyeongoza kura za Ulaya miongoni mwa wale ambao iliwezekana kuwaingiza. Mwenye pupa angesema mzozo umekwisha, kwani wengi wamepewa na mwanamke ameingia.

Lakini na tumtazame huyo aliyeshinda. Katika kisa chake, vazi lake ni nywele zake mwenyewe, na kila anapozituma kupigana kwa nguvu zaidi, mwili wake hubaki wazi zaidi. Tunafahamu kwamba aliyemchora ni mwanamke, Mari Shimazaki, na kwamba wako wanawake wanaompenda kwa ushujaa wake. Hata hivyo swali linabaki pale pale. Samus naye hakusalimika. Katika gemu ya Metroid ya mwaka 1986, mchezaji aliyemaliza upesi alituzwa kwa kumwona bila ya deraya, na kadiri alivyozidi kuharakisha ndivyo nguo zilivyozidi kupungua. Hapa hesabu ya wanawake inatimia, na heshima yao inapungua.

Turudi kwenye kura. Je, upendo wa wengi hupimwa vipi? Gemu ya Mass Effect inamruhusu mchezaji amchague kamanda Shepard awe mwanamume au mwanamke. Hadithi ni ile ile na kazi ni zile zile. Lakini tangu mwaka 2007 aliyewekwa mbele katika majalada na matangazo alikuwa mwanamume. Mwaka 2011 kampuni yenyewe ilisema kwamba asilimia 18 tu ya wachezaji walimchagua mwanamke. Kisha mwanamke akaanza kuonyeshwa katika matangazo ya sehemu ya tatu, na gemu hizo zilipotolewa upya mwaka 2021, waliomchagua walikuwa asilimia 32. Hatusemi kuwa tangazo ndilo sababu pekee. Tunasema kwamba mtu hukipenda kile alichokiona. Ni kweli chema chajiuza, lakini kitajiuzaje ikiwa kimefungiwa ghalani?

Mfano ulio karibu zaidi na vijana wetu ni wa kandanda. Mwaka huo huo wa 2015, FIFA 16 ilitoka ikiwa na timu 12 za taifa za wanawake kwa mara ya kwanza. Wako mashabiki waliobeza, na laiti wangetakiwa wapige kura kwanza, huenda timu hizo zisingeingia. Lakini wale walikuwa wachezaji wa kweli, wenye mechi zao na Kombe lao la Dunia. Walitiwa kwa kazi wanayoifanya, si kwa maumbile yao. Kuwaacha nje ndiko kulikokuwa kupunguza ukweli.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, kura peke yake si mizani, na hesabu ya wanawake peke yake si mizani. Kura hueleza yale yaliyokwisha kuzoeleka, na hesabu hueleza ni wangapi wameingia. Lililo zito zaidi ni swali la tatu: huyu aliyeingia amepewa kazi gani, na mchezaji anafundishwa kumtazama kwa jicho gani? Mvulana anayekaa saa nyingi mbele ya mwanamke aliyechorwa ili atamaniwe hujifunza kitu, na dada yake aliyeketi pembeni akimtazama hujifunza pia.

Wazazi wenzetu, kupiga marufuku pasi na kujua ni kazi nyepesi, na mara nyingi haidumu. Ketini na watoto mwaulize: katika gemu hii wanawake wako wapi, wanafanya nini, na kwa nini wewe umemchagua huyu? Msikilizeni jibu lake hadi mwisho kabla ya kutoa hukumu. Nanyi vijana, mtakapoombwa tena kumchagua mhusika, chagueni yule ambaye hamtaona haya kumcheza mbele ya mama zenu na dada zenu.

Wabillahi tawfiq.