Bomba linapita, mkataba uko wapi?

Ndugu zangu wasomaji, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nyumbani Maruku, na huko mtandao unakuja na kuondoka. Lakini kuna jambo nimerudi nalo, na nisipolitoa hapa sitalala.

Jioni moja tulikaa uani kwa baba mdogo tunakunywa rubisi, mazungumzo yakaangukia bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga. Bomba halipiti Maruku, lakini linapita mkoa wetu, Missenyi hadi Biharamulo, na huku kwetu hukosi mtu mwenye shemeji au mkwe ambaye kibanja chake kiliwekewa alama. Nikaanza kueleza niliyoyasoma. Mzee mmoja jirani akanikatiza: "Mwanangu, wewe uko upande wa Wazungu au wa serikali?"

Sikuwa na jibu. Nimelifikiria swali lile njia nzima ya kurudi mjini, na sasa naona ndilo linalotumaliza.

Tuanze na Wazungu, maana wao ni rahisi. Tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa bomba hili kwa ajili ya mazingira na haki za binadamu. Mwaka huohuo vita vya Ukraine viliwabana, na Ujerumani ikarudisha kazini mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa imewekwa pembeni. Sasa anayechoma makaa apate joto sebuleni amwambie mkulima wa Muleba, anayepikia kuni, kwamba mafuta ni dhambi? Hapo nakubaliana na wanaokasirika. Na mwanahisa mkubwa wa bomba hilo ni nani? TotalEnergies ya Ufaransa, asilimia 62. Tanzania kupitia TPDC ina asilimia 15, Uganda 15, na CNOOC ya China 8. Kwa hiyo Mzungu yuko pande zote mbili, anapinga na anachimba. Kumtumia kama kipimo cha uzalendo ni kujidanganya.

Sasa tuje kwetu. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta, lazima yapashwe joto la nyuzi 50 hivi njia nzima ili yasigande. Bomba hilo linaingia nchini kupitia Missenyi. Wana Kagera, mmesahau Septemba 10, 2016? Tetemeko lililoua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba Bukoba na vitongoji vyake lilikuwa na kitovu chake huko huko Missenyi. Wahandisi watasema wamelizingatia, na huenda ni kweli. Mimi nauliza swali la mwanakijiji: likipasuka, nani anasafisha, nani analipa, ndani ya siku ngapi, na hayo yameandikwa wapi?

Msiniambie niwe na imani tu. Imani tulikuwa nayo 2016. Watu walichanga kwa ajili ya tetemeko, ndani na nje ya nchi. Kabla mwezi haujaisha, Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba walitenguliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Januari 2017 Rais Magufuli akaja Bukoba akasema wazi kwamba serikali haitawajengea watu nyumba. Unaweza kuutetea uamuzi huo au kuupinga. Lakini aliyelala chini ya turubai alijifunza jambo moja: ahadi isiyoandikwa huwezi kuidai.

Tuangalie fidia. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Tathmini kwenye mkuza wa bomba ilianza 2018, na kwa wengi malipo yakasubiriwa miaka. Kwa Mhaya kibanja ni migomba, ni kahawa, ni makaburi ya babu zake. Mkahawa unachukua miaka mitatu na zaidi kuzaa. Ukimwambia mtu shamba lake limeshahesabiwa, kisha ukachelewa, hatapanda cha kudumu wala hatapalilia kwa moyo. Huo muda uliopotea nani anaurudisha?

Kuna waliojaribu njia ya mahakama. Novemba 2020 mashirika manne yalifungua kesi kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 29 Novemba 2023 ikatupwa kwa sababu walichelewa. Mkataba wa nchi mbili ulisainiwa Mei 2017, na mlalamikaji ana miezi miwili tu. Miezi miwili! Yaani mtu alipaswa kushtaki kabla mpima hajafika kijijini. Sheria ndivyo ilivyo, siwalaumu majaji. Lakini uwajibikaji gani huo, mlango unafungwa kabla mwenye nyumba hajaambiwa kuna mgeni?

Na sisi waandishi tusijitoe. Nimewahi kukaa kwenye semina ya hoteli kuhusu miradi mikubwa, nikapewa bahasha, nikarudi nikaandika "wananchi wafurahia ajira". Mwaka uliofuata nikakaa kwenye semina ya wanaharakati, bahasha nyingine, nikaandika "wananchi walia". Mara zote mbili sikuuliza mkataba. Safari hii nilikwenda ofisi moja kuomba nakala ya Kiswahili ya makubaliano yanayohusu vijiji. Nikaambiwa nilete barua. Nikaleta barua. Nikaambiwa mhusika yuko safarini.

Ninachodai ni kidogo. Tuna sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji tangu 2015, basi roho ya sheria hiyo ifike vijijini. Mkataba na mpango wa dharura vibandikwe kwa Kiswahili kwenye kila ofisi ya kijiji ambako bomba linapita. Mkiona hilo ni uchochezi, nitajua kuna kitu kimefichwa.

Mzee wangu wa Maruku, jibu lako hili hapa, nimechelewa kulitoa. Siko upande wa Wazungu wala wa serikali. Niko upande wa yule atakayeamka usiku akisikia harufu ya mafuta kwenye migomba yake, asijue apige simu kwa nani.

Naomba kuwasilisha.