Mikataba ya King Majuto na gunia la mkulima wa Mpanda

Agosti 8 ni Nane Nane, siku yetu wakulima. Ilikuwa siku hiyo hiyo, mwaka 2018, alipofariki dunia mwigizaji Amri Athumani, ambaye Watanzania walimfahamu zaidi kwa jina la King Majuto. Alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, akazikwa kwao Tanga.

Msomaji anaweza kuuliza, ukurasa wa wakulima na wafanyabiashara unatafuta nini kwa mchekeshaji? Jibu ni kwamba maisha yake ya kazi yana somo kubwa la biashara, na somo hilo linamhusu mkulima wa Mpanda, Mishamo, Inyonga na Mpimbwe kama linavyomhusu msanii.

Majuto, aliyezaliwa mwaka 1948, alianza kuigiza jukwaani akiwa bado mtoto. Baadaye akaonekana kwenye televisheni, kisha kwenye filamu za video na matangazo ya biashara. Kwa umaarufu, hakukuwa na nyumba yenye televisheni ambayo haikumjua.

Lakini alipougua, kabla ya kupelekwa India kwa matibabu mwaka huo wa 2018, ilibidi watu wahamasishane kumchangia. Wengi walijiuliza, ilikuwaje mtu aliyeuza kicheko nchi nzima kwa miaka mingi kiasi hicho akahitaji mchango?

Suala la mikataba yake lilifika serikalini. Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Hapo ndipo wananchi wengi walipoanza kuelewa jinsi soko la filamu lilivyokuwa likiendeshwa.

Katika soko lile, ilikuwa kawaida kwa msanii kuuza kazi na haki zake zote kwa mkupuo. Akishapokea fedha na kusaini, kazi si yake tena. Ikiuzika kwa miaka kumi, yeye hapati hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu mwaka 1999, lakini sheria haimsaidii mtu aliyekwisha kusaini kuachia haki yake.

Si haki kumtupia lawama zote msambazaji. Naye alibeba hatari ya kazi kunakiliwa kienyeji na kuuzwa mitaani kwa bei ya kutupa. Tatizo ni kwamba aliyekuja na fedha mkononi ndiye aliyepanga masharti, na mwenye shida ya leo alikubali.

Je, hilo si ndilo linalotokea mashambani kwetu? Kati ya Januari na Machi chakula kimepungua ghalani, mtoto anatakiwa shule, na palizi inadai vibarua. Mnunuzi anafika na fedha, anayanunua mahindi yakiwa bado mabichi shambani.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mkulima anapokea Sh. 30,000 mwezi Februari kwa ahadi ya kutoa gunia moja mwezi Juni. Juni inafika, gunia lile lile sokoni ni Sh. 50,000. Kwa miezi minne mkulima huyo amelipa Sh. 20,000 juu ya Sh. 30,000 alizopewa, yaani theluthi mbili ya mkopo. Hakuna benki inayothubutu kutangaza riba ya namna hiyo, lakini kwa kuwa haikuitwa riba, mkulima anaona amesaidiwa. Na kama gunia limejazwa lumbesa, hasara inazidi.

Kwa wakulima wa tumbaku mambo yanafanana zaidi na ya msanii, maana kuna mkataba wa maandishi. Mbolea na pembejeo nyingine hutolewa kwa mkopo, na makato hufanyika wakati wa mauzo. Ni wanachama wangapi wa vyama vya msingi wamewahi kusomewa mkataba huo kifungu kwa kifungu kabla ya msimu kuanza?

Sisi tunasema, umaarufu wa msanii na wingi wa magunia ya mkulima si utajiri. Utajiri unategemea nani anamiliki mali siku bei inapopanda. Ndiyo maana Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ni muhimu. Inamwezesha mkulima kuhifadhi mazao yake ghalani, akapata stakabadhi anayoweza kuitumia kuombea mkopo, huku mazao yakiendelea kuwa yake.

Hata hivyo, ghala halitamsaidia mtu aliyekwisha kuuza Februari. Dawa ya Februari huandaliwa Julai, wakati fedha za mauzo bado zipo. Wanakikundi wa VICOBA au SACCOS watenge sehemu ya mauzo kwa ajili ya mikopo midogo ya msimu wa palizi, ili mwenzao akibanwa akope kwao kwa riba inayojulikana.

Viongozi wa vyama vya msingi nao wasome mikataba kwenye mkutano mkuu, kwa Kiswahili, na maofisa ushirika wawepo kujibu maswali. Mfanyabiashara mwaminifu hana cha kupoteza hapo, kwani mkulima anayejua alichosaini ni vigumu kumkimbia kwa kuuza pembeni.

King Majuto alituchekesha kwa miaka mingi. Kila Nane Nane inapofika tumkumbuke, na kila Februari mnunuzi anapobisha hodi tukumbuke mikataba yake kabla ya kupokea fedha.