Dereva anapita kwake bila kuingia

JICHO LA BONDE
Na Jepchumba Mwaura

Ukitaka kujua familia ya dereva wa lori hapa Nakuru inaishi vipi, usianze na mshahara. Uliza mzee amepewa ruti gani.

Anayebeba viazi vya Molo au Mau Narok hupakia jioni, hufika soko la Wakulima jijini Nairobi kabla ya alfajiri, na akishashusha mzigo anarudi kwake mtaani Free Area mchana huo huo. Wa maua ya Naivasha huyafikisha uwanja wa ndege na kugeuza. Lakini mwenye mzigo wa transit kutoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala ana zaidi ya kilomita 1,100 mbele yake, na akiambiwa ni Kigali au Juba huwaaga watoto bila kutaja siku ya kurudi.

Mbona basi wengi hung'ang'ania ruti ndefu? Kwa sababu ndizo zenye pesa. Kwa wengi mshahara wa msingi ni mdogo, na kinachosomesha watoto ni posho ya safari. Hata barabara ya Nimule kwenda Juba, ambako madereva wetu wameuawa kwa risasi hadi wenzao wakagoma kuingia Sudan Kusini mwaka wa 2021, bado ina wanaoiomba. Siwezi kumlaumu mtu anayefanya hesabu hiyo karo ikiwa haijalipwa. Namlaumu aliyeipanga kazi hivi kwamba dereva hulipwa kwa kukaa mbali na nyumbani.

Kwa watu wa Nakuru kuna uchungu wa ziada, kwa kuwa barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Malaba inapita katikati ya mji wetu. Dereva anapita kwake. Anaona taa za mtaa wake, na haruhusiwi kukata kona. Kontena la transit limefungwa muhuri wa kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru, KRA, na ruti yake imewekwa. Lori likiacha njia, wanaolifuatilia kwenye skrini wanajua papo hapo. Mwenye gari naye ana kifaa chake cha kulifuatilia. Ndiyo maana utawakuta akina mama wakipanda matatu kwenda kituo cha malori cha Salgaa, mfuko wa nguo safi mkononi, wakutane na waume zao kando ya trela kabla safari haijaendelea. Watu wamezoea kuizungumzia Salgaa kwa pombe na ukahaba. Mimi nawaomba wawaangalie pia wake hawa.

Ruti hizi hubadilishwa na wakubwa ambao hawalali ndani ya kebini. Mwaka wa 2020 serikali iliamuru mizigo ya transit isafirishwe kwa reli ya SGR hadi bandari kavu ya Naivasha, malori yaichukulie huko. Kwa dereva aliyejenga Nakuru, safari ikawa inaanzia karibu na mlango wake. Kwa mwenzake wa Mariakani au Miritini kule Pwani, kazi ilihama na kumwacha. Septemba 2022 Rais William Ruto akarudisha shughuli Mombasa, na mambo yakageuka upya. Huko juu mjadala ulikuwa wa mkopo wa reli na uchumi wa Pwani, mambo mazito kweli. Ila kila amri ilipanga upya usiku wa maelfu ya nyumba, na katika mjadala wote huo nyumba hizo hazikutajwa.

Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa ishirini na nne. Mombasa hadi Nakuru ni kama kilomita 640, na njiani kuna mizani ya Mariakani, Athi River na Gilgil. Trela lililojaa halimalizi safari hiyo kwa saa nane. Kwa hivyo dereva ama analala njiani, ama anavunja sheria na kuuteremka mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, siku ya kurudi, macho yakiwa mazito. Huo ndio mteremko wa Migaa, ambako watu 36 walikufa alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi lilipogongana na lori.

Nakuru iko karibu katikati ya Mombasa na Kampala. Kwa nini dereva wa Pwani asilete lori hadi hapa, alikabidhi kwa wa Nakuru alipeleke mpakani, kisha yeye ageuze na jingine linalorudi? Nimewauliza wenye malori. Wanahofia mafuta kuibwa na tairi kubadilishwa bila wa kuwajibika. Hofu hiyo ina msingi, lakini tangi hupimwa na tairi zina namba. Makabidhiano ya maandishi yanatosha. Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa madereva wenyewe: safari ikikatwa nusu, posho nayo itakatwa. Wana haki ya kulisema hilo. Kupokezana usukani hakutafaa kitu mpaka mshahara wa mwezi upande ufike mahali ambapo posho si roho ya familia, na hilo ni jambo la vyama vya madereva na waajiri kuketi na kuliandika kwenye mkataba, pamoja na ruti na siku za mapumziko.

Novemba 2025 ujenzi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa, na watakaoitumia watalipa ada. Malori yatakuwa miongoni mwa walipaji wakubwa. Kaunti ya Nakuru idai sasa, kabla lami haijamwagwa, maegesho ya malori yenye ulinzi, bafu, zahanati na vyumba ambamo mke na watoto wanaweza kulala na baba yao usiku mmoja mzigo ukiwa salama nje.