Asiyeamini Naye Anatulinda

Jumapili baada ya ibada hapa Gatuanyaga, ndugu mmoja aliniambia, "Pasta, mwanajeshi asiyemwamini Mungu afutwe kazi." Nilimjibu hapana. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini au imani yake. Kifungu hichohicho ndicho kinachotupa uhuru wa kukesha na kuabudu. Tukikivunja kwa wengine, kesho kitavunjwa kwetu. Yule akida wa Kirumi kule Kapernaumu hakuwa Myahudi, lakini Yesu alimsikiliza na kumponya mtumishi wake. Sala ya kuamrishwa kwenye gwaride haiokoi mtu. Sisi tukilala, huenda kijana huyo yuko macho mpakani na Somalia. Mwombee, mpende. Amina.