Bustani Katika Debe

Wapo wenzangu wanaocheka wakimwona mvulana wa kidato cha sita akimwagilia mche wa nyanya uliomo katika debe. Husema kwamba huo ni mchezo wa watoto. Mimi naona wamekosea, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, tutazame mahali tutakapokaa. Wengi wetu tukimaliza masomo tutakwenda Kampala, Jinja au Mbarara kutafuta kazi, na tutapanga chumba kimoja au viwili. Hapo shamba hakuna, ila baraza ya hatua nne na ukuta. Na kijijini nako, shamba la babu limegawanywa kwa ndugu wengi. Basi asiyejua kuotesha kitu ila katika shamba kubwa, kila jani la mboga atalinunua maisha yake yote.

Pili, kazi hii ina elimu yake. Mmea uliomo chomboni ni kama mfungwa: mizizi yake haiwezi kwenda mbali kutafuta maji wala chakula, sharti iletewe. Chombo kitobolewe chini, maana maji yakituama mizizi huoza. Udongo mtupu hushikamana kama tofali. Uchanganywe na samadi iliyokwisha kuoza na mchanga kidogo. Wakati wa jua kali mwagilia asubuhi na jioni, na kwa kuwa maji huondoa rutuba, ongeza mbolea kila baada ya wiki chache. Visahani vya chini visiachwe na maji, visije vikazaa mbu. Tena makopo ya rangi yasipandwe mboga, kwa maana rangi nyingine zina sumu.

Watu wa Kibera, Nairobi, wanaweza kutufundisha. Kilimo cha magunia kilienea huko baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007. Huweka kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, hulijaza mawe, na kulizungushia udongo. Kisha hulivuta juu na kujaza tena, hata ipatikane nguzo ya mawe toka chini hadi juu. Maji hupita hapo yakafika kila upande. Sukuma wiki hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni, miche 20 na zaidi katika gunia moja. Na hapa kwetu, mamlaka ya jiji la Kampala ina kituo Kyanja kinachoonyesha ukulima wa mahali padogo.

Mwingine atasema, "Kifungu cha dodo bei yake ni ndogo." Ni kweli, lakini mama wa watoto watano hukinunua kila siku, na siku fedha ikipungua, mboga ndiyo huachwa kwanza, ikabaki posho na chumvi. Dodo katika debe huvunwa baada ya wiki nne hivi. Wala sisemi tuyang'oe maua. Pilipili nyekundu karibu na waridi hupendeza kuliko waridi peke yake.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni hili. Katika shule nyingi mvulana akichelewa hupewa jembe, akalime kwa adhabu. Miaka sita akifundishwa hivyo, atatoka akiamini kwamba udongo ni wa wakosaji. Kisha twashangaa kwa nini vijana hawapendi kulima!

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Adhabu itafutwe nyingine, na jembe lipewe heshima yake. Na ninyi mliokwisha kumaliza hapa, mkija kututembelea, mtuletee madumu na magunia mliyokwisha kuyatumia kwa chakula. Tuanze na 10 tu, barazani pa bweni, kila kitanda kiwe na zamu yake ya maji. Mboga zikipatikana zipikwe jikoni kwetu, tuzile pamoja na posho na maharage.